Gari Lililofutwa na Bima: Uzoefu Wangu na IST Iliyofufuliwa Mwanza

Ninatumia Toyota IST ambayo, kabla haijafika mikononi mwangu, kampuni ya bima ilikwisha kuihesabu kuwa hasara kamili. Iligongwa mbele, upande wa kushoto, na gharama ya kuirudisha barabarani ikakaribia thamani ya gari lenyewe. Mwenye gari akalipwa fidia, mabaki yakauzwa, na aliyeyanunua akayapeleka gereji ya Nyakato yanyooshwe bodi na kupigwa rangi. Nililinunua nikiyajua yote hayo, kwa bei iliyokuwa chini kwa takriban theluthi moja kuliko ya IST yenye namba ya usajili ya kundi la D isiyowahi kugongwa.

Kilichonishawishi si mng'ao wa rangi, bali muuzaji kuwa na picha za gari kabla fundi hajaligusa, pamoja na risiti za vipuri. Bila picha hizo nisingelichukua, kwa sababu puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi, ikishafunikwa na rangi hata fundi mzoefu hubaki kukisia, na kadi ya gari niliyokabidhiwa haikuwa na neno lolote kuhusu ajali. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2017, magari ya namna hii hugawanywa katika makundi manne: A husagwa lote, B huvuliwa vipuri na bodi yake kusagwa, S ni lililoumia muundo unaolibeba, na N ni ambalo muundo huo haukuguswa. Karatasi za mnada za Japani nazo huandika R au RA kwa gari lililotengenezwa baada ya ajali. Wauzaji wengi hapa mjini hupenda kukuonyesha karatasi hiyo ya mnada kana kwamba ni cheti cha afya, ilhali haiwezi kusema lolote kuhusu gari lililogongwa baada ya kusajiliwa Tanzania.

Gari dogo kama hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Sehemu ya mbele imeundwa ikunjike wakati wa kugongwa ili imeze kishindo kabla hakijawafikia abiria, na chuma kilichokwisha kukunjika, kikanyooshwa na kuchomelewa, hakiwezi kutarajiwa kukunjika vilevile mara ya pili. Hilo halionekani kwa macho. Kinachoonekana ni tairi: barabara ya Usagara kuelekea Daraja la J.P. Magufuli ni ya lami nzuri, na huko ndiko nilikotambua kwamba nikilegeza mkono gari huvutia kushoto. Muda si mrefu tairi la mbele la upande huo likaanza kulika kwa ndani. Nilifanya alaimenti mara mbili bila nafuu ya kudumu, mpaka fundi mwingine, mtu wa Igoma asiyependa maneno mengi, alipofungua boneti, akapima kwa futi kutoka pembe hadi pembe na kuonyesha kwamba mahali shokapu inapofungwa kwa juu palikuwa pamesogea ndani. Kupavuta kwa mashine kuligharimu zaidi ya matairi mawili mapya. Tangu hapo gari linakwenda sawa.

Mifuko ya hewa ndiyo inayonisumbua zaidi. Ikishafumuka hutakiwa kubadilishwa pamoja na kompyuta yake, na mara nyingi mikanda ya mbele pia, na kwa gari la bei ya chini gharama hiyo huwashinda wengi. Wapo wanaoziba tundu kwa kifuniko kipya na kuweka rezista, kijikinza cha umeme kinachoidanganya kompyuta kwamba mfuko upo, ili taa ya SRS, yaani ya onyo la mifuko ya hewa, isiwake. Kwa hiyo usifurahi kwamba taa imezimika. Washa swichi bila kupiga stata: taa hiyo lazima iwake kwa sekunde chache, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa. Lakini rezista huweza kuupita hata mtihani huo, hivyo risiti ya mifuko yenyewe ina uzito kuliko taa. Mimi nilikuwa na risiti ya mfuko wa dereva tu, na mpaka wa abiria uthibitishwe, kiti cha mbele kushoto hakikaliwi na mtu katika safari ndefu.

Kuhusu bima, ile ndogo, ya kuwalipa wengine unaowagonga, ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, niliipata bila swali. Bima kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe, ilikuwa safari nyingine: kampuni ya kwanza ilikataa, ya pili ikakubali baada ya ukaguzi, kwa thamani ndogo kuliko bei niliyonunulia. Mtu anayekopa benki kwa dhamana ya gari aulize kama gari litapata bima kubwa kabla ya kumlipa dalali.

Kwa mwendo wa mjini, mafuta na injini, sina lalamiko, na kwa bei ile, baada ya kujumlisha gharama za shokapu, bado nimebakiza kitu. Hata hivyo ningepokea tu gari lililogongwa mbele au nyuma na lenye picha. Lililokatwa nguzo ya mlango likachomelewa nisingelichukua hata kwa nusu ya bei, na lililoingiwa na maji, kama yale yanayokumbwa Mto Mirongo unapofurika, nisingelipeleka hata kwa fundi kulikagua, kwa kuwa nyaya zake huendelea kuoza taratibu chini ya kapeti muda mrefu baada ya viti kukauka.