Gereji ya chini ya mwembe, barabara ya Ujiji: hapa oili inamwagwa ukiwa umesimama unaona

Nina Probox, injini ya sisi 1,500, na kazi yake ni dagaa. Jumanne na Ijumaa alfajiri napakia mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, napandisha Kasulu, jioni narudi. Kwenda na kurudi ni chini kidogo ya kilomita 200. Siku nyingine ni visafari vya mjini: watoto shule, Mwanga sokoni, benki, nyumbani. Kwa wiki haipungui kilomita 400 na kitu.

Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo fundi aliyoniuliza siku ya kwanza. Wengine huanza na "Unataka oili gani, mama?" Yeye aliuliza, "Hili gari linafanya kazi gani?" Kisha akakaa kwenye benchi kusikiliza jibu.

Nilifika kwake nikiwa na hofu. Taa nyekundu ya dashibodi, ile yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone, ilikuwa inawaka nikisimama na kuzima nikikanyaga mafuta. Nilikuwa nimemwaga oili wiki tano tu zilizopita, kwa fundi mwingine ambaye sitamtaja. Kwa huyo nilikuwa nalipia galoni, filta na ufundi, nakaa dukani kwa jirani, nasikia "Tayari, mama", naondoka.

Huyu wa chini ya mwembe akavuta kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa juu ya alama kwa mbali. Akaingia shimoni na tochi, akakaa kimya muda, halafu akaniita nishuke. Filta ilikuwa na kutu pembeni, na juu yake kuna tarakimu zimeandikwa kwa kalamu nyeupe: 128,600. Akanipeleka kwenye mlango wa dereva akanionyesha ile stika ndogo ya Kijapani ambayo miaka miwili nimekuwa naipita bila kuisoma. 128,600. Ndiyo sevisi ya mwisho iliyofanyika Japani kabla gari halijapanda meli. Mita yangu siku hiyo ilisoma 171,000 na ushee. Filta tano nilizolipia hazikuwahi kufungwa hata moja. Walikuwa wanaifuta ileile ya zamani kwa petroli ing'ae.

Niliumia, sifichi. Hela ya filta tano ni mtaji.

Nikamuuliza, mbona injini haijafa? Akanieleza kwamba ndani ya filta kuna vavu ndogo. Filta ikiziba, vavu inafunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, ili injini isikae kavu. Kwa hiyo gari linatembea kama kawaida na wewe huna habari, huku uchafu unazunguka kwenye beringi kama msasa. Akanisahihisha na jambo jingine: taa ile nyekundu haisemi kwamba siku za oili zimefika, wala haipimi kiwango. Inasema presha imeshuka. Ikiwaka barabarani unazima injini papo hapo, husogei hata mita mia kutafuta kivuli. Kabla hajagusa kitu alifungua swichi ya oili, akafunga geji mahali pake na kupima presha. Baada ya sevisi akapima tena, sindano ikapanda pazuri, na tangu siku ile taa haijarudi.

Na oili ilizidi kwa sababu gani? Galoni ni lita 4. Injini yangu inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, na usipoibadilisha ni kama 3.4. Wale walikuwa wanaminya galoni yote mpaka tone la mwisho. Oili ikizidi, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, inaifikia na kuipiga hadi itoe povu, na povu halishiki presha.

Sasa kazi yenyewe, maana hapo ndipo alipopata mteja. Aliwasha injini kama dakika tano oili ipate moto iteremke vizuri, akazima, akafungua boliti kwa spana namba 14. Oili ilitoka nyeusi, nzito, kama mtindi ulioungua. Nikadhani ikikata mkondo amemaliza. Hapana, alisubiri mpaka likawa tone moja moja, karibu robo saa. Akaweka washa mpya kwenye boliti. Alipotoa filta alipitisha kidole pale ilipokaa kuhakikisha mpira wa zamani haujaganda, kwa sababu mipira miwili ikikutana, oili inamwagika yote njiani. Mpira wa filta mpya akaupaka oili safi kwa ncha ya kidole, akaikaza kwa mkono, si kwa spana. Akamimina lita tatu na nusu, akawasha, akazima, akangoja, akapima kwa kitambaa cheupe, akaongeza kidogo. Kilichobaki, robo lita na ushee, akafunga kifuniko akanirudishia na galoni langu. Nimemiliki magari mawili, sijawahi kurudishiwa oili.

Kuhusu lini ubadilishe, nilikuwa naamini safari ndefu ndiyo inayochosha oili. Yeye anasema kinyume, na sababu zake zinaingia akilini. Kwenda Kasulu injini inapata moto wa kutosha, unyevu na petroli isiyoungua vinakauka. Kutoka nyumbani hadi Mwanga na kurudi, injini haijapata moto sawasawa na mimi nimeshazima. Maji yanabaki ndani, yanachanganyika na masizi, na dawa zilizotiwa kiwandani kwa ajili ya kusafisha na kuzuia kutu zinaisha. Mwanamke yeyote aliyekaangia mihogo mawese yaleyale siku nne anajua mafuta kuchoka kunafananaje. Ila rangi peke yake isikutishe: oili inayofanya kazi ya kuosha lazima iwe nyeusi. Hesabu kilomita na miezi.

Toyota wenyewe kwao Japani wanaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa gari la petroli lisilo na turbo, na nusu yake, 7,500 au miezi sita, kwa gari linalobeba mzigo, linalopita vumbi au linalokwenda safari fupifupi. Langu lina yote matatu, tena nikitoka lami kuingia vijiji vya Kasulu wakati wa kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye ndoo za dagaa. Fundi amenipangia 5,000. Kwa mwendo wangu ni kila miezi mitatu, na naona ana haki.

Amenitoa pia kwenye 20W-50, oili nzito niliyokuwa nawekewa "kwa sababu ya joto la Kigoma". Injini hii ilitengenezewa oili nyepesi. Vijitundu vinavyopeleka oili kwenye cheni ya taimingi na kwenye mfumo wa vavu ni vyembamba. Tumerudi kwenye 5W-30, na asubuhi mlio wa kwanza wa injini umetulia.

Oili chafu anaikusanya kwenye pipa, watu wanakuja kuinunua kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Haimwagi mtaroni. Mji wetu wote unateremka ziwani, na mimi nakula kwa ziwa hilo, kwa hiyo kwangu hili lina uzito kuliko hata bei.

Bei: ufundi 10,000. Galoni nilinunua 62,000 na filta 12,000, vyote Mwanga, maana yeye hauzi spea. Anakagua ulicholeta, na safari moja alinirudisha na filta dukani kwa sababu mpira wake ulikuwa mgumu kama plastiki. Nilinuna, nikaenda.

Kasoro zipo. Ni mpole mno wa kazi. Tenga saa moja na nusu. Jumamosi foleni inafika barabarani. Choo hakuna. Masika mvua ikinyesha shimo linajaa maji na siku hiyo hapokei gari, nawe huna pa kumpigia kujua, mpaka ufike uone. Angejenga paa na kinga ya zege kuzunguka lile shimo, nisingekuwa na la kulalamika.

Akimaliza anabandika karatasi yenye gundi mlangoni, jirani na ile stika ya Kijapani, anaandika kilomita za leo na za kurudi. Yangu sasa inasema 191,300 na mita inasoma 190,880. Wiki ijayo, nikishashusha mzigo wa Ijumaa, nitakuwa pale asubuhi ya Jumamosi kabla ya foleni.