Hitigani niliyouziwa Kariakoo na kadi 23 zilizoungua

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu kila nikianza hasira inanipanda upya. Sikumbuki vizuri kama masika yalikuwa yanaishia au mvua zilishakatika, ila sauti ya yule kaka wa nyuma ya kaunta aliyeniuzia hitigani, kile kifaa cha umeme cha kupuliza hewa ya moto, naisikia mpaka leo: "Dada, moto ni moto. Chukua hii."

Moto si moto. Anayefanya kazi ya karatasi analijua hilo.

Natengeneza kadi za harusi kwa mkono, nyumbani kwangu Tabata. Kinachoniletea wateja ni majina ya maharusi yaliyovimba kwa dhahabu, yale ambayo ukipitisha kidole unayahisi. Unagonga muhuri kwa wino mzito usiokauka haraka, unamwagia poda ukiwa bado mbichi, unakung'uta iliyozidi irudi koponi, halafu unapasha mpaka poda iyeyuke na kung'aa. Kazi yote inaponea au inafia hapo kwenye kupasha.

Mwanzoni nilitumia draya ya nywele ya dada yangu. Draya ina upepo mwingi na moto kidogo, kwa hiyo poda inaruka kabla ya kuyeyuka, na ukipunguza upepo karatasi inajikunja huku majina bado ni unga. Ndiyo maana nilijinyima mpaka nikapata hela ya kununua hitigani ndogo, ile ya kazi za sanaa, inayopuliza taratibu kama mtu anayepoza uji.

Yule kaka nilimweleza kila kitu. Nilitoa kadi kwenye pochi nikamwonyesha. Hakuiangalia hata mara moja, alikuwa anaongea na simu, akavuta boksi chini ya kaunta. Juu ya boksi kuna picha ya mtu anabandua rangi mlangoni! Nikamwambia, kaka, hii ni ya rangi. Hapo ndipo aliponijibu moto ni moto. Nikaomba aiwashe nione upepo wake, akasema hapa hatuwashi vitu. Kariakoo hiyohiyo, ambako hata balbu ya 2,000 inawashwa mbele yako kabla hujatoa hela! Ningeondoka pale pale, lakini oda ilikuwa ya Ijumaa. Nikalipa 65,000.

Usiku ule nilikuwa na kadi 80 za manila nyeupe nzito, nyingine zimeshaandikwa majina ya waalikwa na ile "Double" yao. Ya kwanza niliweka moto wa chini kabisa. Poda ikapeperuka yote kwa pumzi moja. Ya pili nikairudisha nyuma kidogo, jina la bwana harusi likang'aa vizuri, na kabla sijafika la bibi harusi karatasi ikageuka rangi ya chai. Nyingine hazikuungua ila dhahabu ilizidiwa na joto ikazama ndani ya karatasi, ikaacha doa kama la mafuta ya maandazi. Mng'ao ukishakufa hivyo haurudi. Nilipoacha zilikuwa zimeharibika 23.

Kesho yake asubuhi nikarudi dukani na boksi, risiti na kadi tatu zilizoungua. Akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamkumbusha kwamba nilimwambia ni ya kadi. Mbele ya wateja, kwa sauti ya juu, akasema: "Bibie, kazi huijui, unakuja kunisumbua mimi."

Miaka saba nafanya kazi hii.

Nilichojua baadaye, na ningekijua siku ile nisingeondoka kimya, ni kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Nilimweleza, tena kadi ikiwa mkononi.

Aliyeniokoa ni fundi simu wa pale mtaani kwetu. Ile blowa anayong'olea vidude kwenye simu ina vitufe viwili, moto kivyake, upepo kivyake. Akachomoa ule mdomo mwembamba, upepo akaushusha mpaka chini, moto akauweka kwenye nyuzi 220. "Dada, iache ipate moto kwanza, hesabu mpaka kumi, ndiyo usogeze kwenye karatasi." Kadi ya kwanza majina yakaanza kung'aa toka upande mmoja kwenda mwingine kama maji yanavyolowesha kitambaa. Nililia, sioni aibu kusema. Tukamaliza saa sita usiku, akachukua 10,000 tu.

Sasa niwe mkweli. Ile hitigani yenyewe si mbovu. Kaka yangu ameitumia kubandua rangi ya geti na rangi ilitoka kama ganda la yai. Nami niliijaribu tena siku nyingine, moto wa chini, nikiishika mbali kiasi cha shibiri mbili na kupasha kwa chini ya karatasi ili poda isiruke. Kadi tano mfululizo zikatoka safi. Nikawa nataka kuandika hapa kwamba ukiizoea inafaa.

Naifuta kauli hiyo. Ya sita iliungua, na mteja hanilipi nijizoeze kwenye kadi za mwanawe.

Hatimaye nilipata ile ndogo kwa dada mmoja anayeleta vifaa vya sanaa. Haina haraka, jina refu linachukua karibu dakika nzima, na hilo linaniudhi nikiwa na oda kubwa, lakini haijaniunguzia hata kadi moja. Mkiagiza kutoka Marekani angalieni volti. Za kule ni 120, umeme wetu ni 230. Rafiki yangu alinunua adapta akadhani imetosha, kumbe adapta inabadilisha pini tu, volti zinabaki zilezile. Ilitoa moshi siku ya kwanza.

Dukani kwa yule kaka msiende. Au nendeni, lakini msitoe hela mpaka aiwashe na muweke mkono mbele ya upepo wake. Akikataa, ondokeni hata kama harusi ni kesho.

Mimi narudi Jumatatu. Nimetia kwenye bahasha risiti na kadi mbili za maharusi walewale, moja ya hitigani yake na moja ya blowa ya fundi simu. Safari hii nataka aziguse.