Kingamwili za kontroli zilizosanifiwa: uzoefu wangu maabarani Kigoma

Kwa zaidi ya mwaka sasa natumia kingamwili za kontroli zilizosanifiwa, yaani protini za kinga za kulinganishia zilizotengenezwa kwa mfuatano wa jeni unaojulikana, hapa Kigoma, katika mradi wa kuchunguza seli T (aina ya seli nyeupe za damu zinazopambana na maradhi) za watu wazima wanaougua malaria mara kwa mara. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara ndogo za mikoani ambao bajeti inawabana wachague: ninunue kingamwili moja zaidi ya kazi, au ninunue hii ambayo kazi yake ni kutofanya kitu? Mara ya kwanza nilichagua vibaya. Hasara yake ilikuwa damu ya watu kumi na wawili waliojitolea.

Kingamwili ina umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu inashika shabaha. Shina la chini linashikwa na vipokezi vilivyo kwenye seli zetu wenyewe, hasa monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu. Ukiweka kingamwili kwenye seli na seli zikabadilika, bado hujajua kilichofanya kazi ni mikono au ni shina. Ndiyo maana tunahitaji kontroli ya aisotaipu: kingamwili ya tabaka lilelile, shina lilelile, lakini mikono yake inatafuta kitu kisichokuwemo kwenye sampuli. Hii yangu inatafuta lisozaimu, protini ya yai la kuku.

Sasa kisa chenyewe. Tulikuwa tunapanda seli nyeupe za damu kwenye sahani za vishimo, tunaziwekea antijeni (vipande vinavyotambuliwa na kinga) za kimelea cha malaria, halafu tunaongeza kingamwili inayoziba PD-1, kipokezi kinachofanya kazi kama breki ya seli T, ili tuone kama seli T zilizochoka zitaanza tena kutoa interferoni gama, protini ya kuamsha kinga. Kingamwili hiyo ya kuziba, ambayo nitaiita kizibo, ni ya tabaka la IgG4 ya binadamu. Kwa kontroli nikatumia chupa niliyoikuta kwenye jokofu, ya tabaka jingine, IgG1 ya panya, ya aina ile ya zamani inayotokana na uvimbe wa panya na ambayo shabaha yake haijulikani. Matokeo yalikuja mazuri ajabu. Vishimo vyenye kizibo vilitoa interferoni mara nyingi kuliko vyenye kontroli. Tulifurahi, tukaanza hata kuandika muhtasari.

Kilichonitia wasiwasi ni vishimo ambavyo havikuwekwa kingamwili yoyote. Navyo vilikuwa juu ya kontroli. Kama kontroli haifanyi kitu, ingepaswa kulingana navyo. Nikarudi kwenye karatasi ya ile chupa nikaisoma mstari kwa mstari: ilihifadhiwa kwa sodiamu azidi. Azidi inazuia bakteria kuota kwenye chupa, lakini pia inazuia seli hai kupumua. Kumbe kizibo chetu hakikuwa kimeinua chochote kwa kiasi kile. Kontroli ndiyo iliyokuwa inaziua seli. Nilikaa kimya nusu saa nzima.

Ndipo nikaagiza iliyosanifiwa. Hii inatengenezwa kwa mfuatano wa jeni unaojulikana, seli za kiwandani zikipewa maelekezo yaleyale kila mara, kwa hiyo chupa ya leo na ya mwakani zinapaswa kuwa kitu kimoja. Niliyochagua ni IgG4 ya binadamu yenye badiliko moja kwenye bawaba, yaani pale mikono inapoungana na shina: nafasi ya 228, asidi amino ya serini imekuwa prolini. Badiliko hilo ni muhimu, kwa sababu IgG4 ya kawaida ina tabia ya kuachana nusu kwa nusu na kubadilishana mikono na IgG4 nyingine. Kizibo chetu kina badiliko hilohilo. Haina azidi, na endotoksini yake (mabaki ya ukuta wa bakteria) iko chini ya uniti 1 kwa kila miligramu. Kwa mtu anayefanya kazi na monosaiti hilo la endotoksini si pambo: chembe kidogo tu huziamsha, nawe ukadhani ni dawa yako.

Tulirudi Ujiji na Mwanga, mitaa ya hapa Kigoma, kuomba damu upya. Mzee mmoja alinyoosha mkono akaniambia, “Chukua mwanangu, ila safari hii uitunze.” Tukaweka mikrogramu 10 kwa mililita, kizibo na kontroli sawasawa. Safari hii vishimo vya kontroli vikalingana na vile vitupu. Athari ya kizibo ilibaki, lakini ndogo kuliko tulivyoiandika mwanzoni, na kwa baadhi ya watu haikuwepo kabisa. Naiamini hiyo ndogo kuliko ile kubwa.

Msambazaji alitaka kuniuzia toleo jingine, lenye shina lililonyamazishwa kwa kubadilisha asidi amino za nafasi ya 234 na 235 kuwa alanini, lisishikwe na vipokezi. Ni bidhaa nzuri, lakini kwangu ingekuwa kosa lingine, maana kizibo changu shina lake halikunyamazishwa. Kontroli lazima ifanane na kingamwili ya kazi kwa kila kitu isipokuwa shabaha. Ukiwa na kizibo kilichonyamazishwa, hapo ndipo uichukue.

Malalamiko ninayo. Bei ni kubwa kwa miligramu moja tu, na agizo langu la pili lilichelewa njiani hadi barafu ikayeyuka yote. Nikaikataa chupa, na kurudishiwa fedha kulichukua miezi. Kigoma ni mbali, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo sasa naagiza ije kwa ndege na naomba kifaa cha kurekodi joto kiwemo ndani ya boksi. Ikifika naigawa kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo, kwa sababu kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara kunaiharibu.

Kwa kupaka seli rangi na kuzisoma kwenye saitomita (mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga), sikushauri uitegemee hii kuamua wapi mpaka wa hasi na chanya. Hapo neli yenye rangi zote isipokuwa ile moja unayoipima inakusaidia zaidi. Kwenye majaribio ya seli hai naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu ya bei. Na tangu siku ile hakuna sahani inayotoka kwenye meza yangu bila safu tatu: kizibo, kontroli, na vishimo vitupu.