Filta mbili, taa za Sinza na khanga ya mama mwenye nyumba

Napiga picha za anga la usiku nikiwa mjini, na kosa langu la kwanza lilikuwa kununua filta, kile kioo cha kuchuja mwanga wa taa, kabla ya kuangalia ni taa gani zinanimulika.

Ninakaa Sinza, Dar, na darubini naiweka juu ya paa la zege, pale pale wapangaji wanapoanika nguo. Kioo chake kina upana wa milimita 130, urefu wa fokasi ni milimita 650, na nyuma nafunga kamera ya Canon ya mtumba. Bila filta, picha ya sekunde 30 kwa ISO 800 ilikuwa inatoka kama chai ya maziwa iliyomwagikia kitambaa. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, ambayo kijijini kwetu unaiona ukitoka tu kwenda chooni, hapa sijawahi kuiona kwa macho hata siku moja.

Filta niliyoanza nayo ni ya bei nafuu, zile zinazouzwa kwamba ni za mjini. Inazuia mwanga wa taa za sodiamu, unaokaa karibu na nanomita 589 (nanomita ni kipimo cha wimbi la mwanga, kila rangi ina namba yake), pamoja na wa taa za zebaki kwenye 546 na 578. Kwa zile taa za rangi ya chungwa za zamani, sawa kabisa. Mtaani kwetu sasa nguzo zina LED nyeupe, maduka yana LED, hata muuza chipsi ana LED ya kuchaji imening'inia juu ya karai. Picha zikaacha kuwa za kahawia zikawa za kijani, basi. Halafu nilichukua ya inchi 1.25 ili nipunguze gharama, na kwenye kihisi cha kamera kama yangu pembe zote nne zikatoka giza. Ukiwa na kamera ya aina hii chukua ya inchi 2 moja kwa moja.

Jambo ambalo ningelifanya mwanzo, na halina gharama: chukua CD ya zamani (mimi nilitumia ya kwaya), simama gizani, iinamishe mpaka uone taa ya mtaani imejikunja ndani yake. Taa ya zamani ya sodiamu au zebaki inatoa vipande vya rangi vilivyoachana, katikati kuna giza. LED inatoa upinde wa mvua mzima bila pengo, na bluu yake imekolea. Nilizunguka na CD mkononi kuanzia geti letu hadi kituo cha daladala. Sikupata taa hata moja yenye mapengo. Filta ya kukata sodiamu ilikuwa inalinda mlango ambao mwizi hapitii.

Kabla ya kuagiza nyingine nilikwenda kwa mama mwenye nyumba, kwa sababu taa yake ya ukutani inapiga darubini usoni.

"Shikamoo mama. Naomba nizime taa ya nyuma usiku, masaa mawili tu."

"Marahaba baba. Hiyo taa ndiyo askari wangu. Wezi wakija utawapiga picha?"

Nikakosa jibu. Akainuka, akavuta khanga kwenye kamba, akanipa. "Ziba upande wako huo, mwanga ubaki getini." Niliitundika kati ya nguzo mbili za kuanikia, na doa jeupe lililokuwa linakaa kulia kwa kila picha likaondoka. Mwanga unaoingia wenyewe kwenye mdomo wa darubini hudundadunda humo ndani, na filta haikusaidii sana hapo. Nguo nzito inasaidia.

Filta ya pili ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Chapa siitaji, maana sijalipwa na kasoro zake nitazisema. Ni ya madirisha mawili, kila moja lina upana wa nanomita 7: moja kwenye 656, mahali hidrojeni inapowaka nyekundu, lingine karibu na 501, mahali pa oksijeni, rangi ya kijani inayoelekea bluu. Mwanga tunaouona kwa macho una upana wa kama nanomita 300, kwa hiyo inapitisha chini ya asilimia 5 tu. LED inamwaga mwanga wake kila mahali, lakini kinachofika kwenye kamera ni vipande viwili vyembamba. Nebula ya gesi, yaani wingu la gesi linalowaka angani, inamwaga sehemu kubwa ya mwanga wake humo humo.

Ila kamera ya kawaida ina kioo ndani kinachokula sehemu kubwa ya ule wekundu wa 656. Nikampelekea fundi Kariakoo akitoe. Aliniangalia muda mrefu. "Kijana wangu, watu wananiletea mbovu nitengeneze, wewe unaniletea nzima niharibu?" Akakitoa, lakini kwanza alinifanya niandike kwa mkono wangu kwamba nimeomba mwenyewe.

Usiku wa kwanza ulikuwa Julai, anga kavu, kusi inavuma. Nililenga M8, nebula ya gesi kwenye kundi la nyota la Mshale, ambayo kufikia saa nne usiku hapa Dar iko juu sana, karibu utosini. Fokasi nilikuwa nimeshaipata, ndipo nikafunga filta. Picha ya kwanza: nyota zimevimba kama vitumbua. Kioo cha filta kinasogeza fokasi kwa kama theluthi moja ya unene wake, na kwa darubini ya f/5 kama yangu (650 gawanya kwa 130) hiyo ni nyingi mno. Sasa nafunga filta kwanza, natafuta fokasi kwa nyota angavu baadaye.

Nilipiga picha 40 za sekunde 180. Moja moja kwenye kioo cha kamera hazina kitu, giza na vinyota, mpaka nikadhani nimepigwa tena. Nilipoziunganisha kwenye Siril, ambayo ni programu ya bure, wekundu ukatokea na ule mfereji mweusi unaokata katikati. Nikaita watu wa nyumba nzima.

Kasoro: nyota angavu zinavaa pete ya bluu iliyofifia, na rangi za nyota zinapotea, machungwa na nyeupe zinafanana. Tena sekunde 180 zinahitaji stendi inayofuata nyota vizuri, na Dar hilo ni mtihani. Stendi lazima ielekezwe kwenye ncha ya kusini ya anga, ambako nyota zote zinazunguka, nayo iko kama nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, kwangu iko nyuma ya ghorofa la jirani. Stendi yangu haikuweza kulala kiasi hicho, nikanyanyua mguu mmoja kwa kipande cha tofali. Uzani wa kusawazisha darubini nao ukaanza kugonga mguu.

Januari niliijaribu filta kwa Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Usijisumbue. Ule ukungu wa bluu ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, rangi zake zimetapakaa kama za LED, na filta inavikata vyote pamoja. Galaksi vilevile. Kwa vitu hivyo pesa ya filta iwe nauli ya Bagamoyo au Kimbiji, uende bila filta yoyote. Umeme ukikatika mtaa mzima ndipo naichomoa mbio nijaribu nikiwa nyumbani, mpaka jenereta zianze kunguruma. Mbalamwezi hainisumbui sana kwenye nebula nyekundu. Kwenye oksijeni inasumbua.

Filta za aina hii nimeziona zikiuzwa nje ya nchi kwa karibu dola 300, bado usafiri na ushuru. Kama unapenda nebula na umefungwa na mji, ningeinunua tena. Ile ya kwanza iko kwenye kikopo cha kahawa, anayeitaka aseme. Khanga nimeambiwa niirudishe kabla ya Jumamosi, kuna shughuli, na doti haivaliwi kipande kimoja.