Uzoefu wangu na Hellsongs: heavy metal bila kelele

Napenda heavy metal, ule muziki wa roki wa gitaa za umeme na kishindo, tangu shuleni, na kila nikisikia wimbo wake umerudiwa kwa mtindo wa launji, taratibu, kinanda na gitaa lisilo la umeme, huwa najua nini kinakuja: mzaha. Mwimbaji Richard Cheese wa Marekani amejijengea jina kwa mzaha huo na anaufanya vizuri. Pat Boone naye mwaka 1997 alitoa albamu nzima, In a Metal Mood, akiwa na bendi kubwa ya jazi. Humo kwenye "Holy Diver" anayeitikia nyuma ni Ronnie James Dio, mwenye wimbo wake. Nikizisikiliza nafurahi, zikiisha nazisahau. Hymns in the Key of 666 ya Hellsongs, albamu ya nyimbo za heavy metal zilizorudiwa kwa mtindo huohuo, ndiyo iliyoganda kichwani.

Hellsongs ni kundi la Gothenburg, Sweden, na albamu hii ilitoka 2008. Anayeimba ni Harriet Ohlsson, kwa sauti laini isiyolazimisha kitu. Ngoma za kishindo hakuna. Na hawachekeshi. Wanaimba kila neno kana kwamba wamekaa nalo muda mrefu.

Mfano mkubwa ni "The Trooper" ya Iron Maiden, ya mwaka 1983. Inamhusu askari wa farasi wa Uingereza katika vita vya Balaklava, 1854. Kwenye ile ya asili besi ya Steve Harris inakwenda shoti kama farasi mwenyewe, gitaa mbili zinapokezana, na uwanja mzima unaitikia mikono ikiwa juu. Ukiisikiliza unajiona uko upande wa washindi. Sasa fuata maneno: anayesimulia anakimbizwa kuelekea bunduki za Warusi, farasi wake anapigwa, naye anaanguka na kukata roho bila mtu wa kumlilia. Ohlsson anayaimba hayo bila haraka, na kila mstari unapata nafasi yake. Mke wangu, ambaye heavy metal haimhusu kabisa, aliacha alichokuwa anafanya jikoni akaja kuuliza, "Huyo dada anamwomboleza nani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kuhusu Iron Maiden.

"Run to the Hills" imenigusa vilevile. Ni kisa cha Wahindi Wekundu kuvamiwa na wazungu, na kwa Maiden sauti ya mnyang'anywa na sauti ya mnyang'anyi zote zinamezwa na kishindo, hata huwezi kuzitenganisha mara moja. Ikipunguzwa mwendo unasikia msimulizi anabadilika, na pale zamu ya askari wanaowinda watu inapofika, utulivu ule wa sauti unatisha kuliko ukelele wowote.

"Paranoid" ya Black Sabbath, 1970, watu wanaichezea kwenye sherehe. Ni maneno ya mtu aliyezidiwa na mawazo, furaha haioni, na anatafuta wa kumsaidia. Hapa inasikika hivyo.

Si kila kitu kimekaa sawa. "Thunderstruck" ya AC/DC uzima wake wote uko kwenye vidole vya Angus Young, ule mlio wa gitaa unaoanza na kugoma kukatika. Maneno yake ni ya safari na starehe tu, kwa hiyo ukiondoa gitaa lile hakibaki cha kuomboleza wala cha kuwaza. Nimejaribu kuupenda, nimeshindwa, siku hizi nauruka. Pia ukiisikiliza albamu mfululizo, mwendo unafanana mno. Mimi huzichukua nyimbo mbili tatu, napumzika.

Spika kubwa hazihitajiki. Hedifoni za kawaida zinatosha, ila usiku ndiyo saa yake, kukiwa hakuna boda boda zinazopita, maana kuna pumzi na migongano midogo ya nyuzi ambayo mchana inapotea.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukiitafuta, sikiliza kwanza zile za asili, kwa sauti ya juu inavyostahili, ndipo uje huku. Na kama hujawahi kuisikia "Blackened" ya Metallica, soma maneno yake kabla: ni wimbo wa mwaka 1988 juu ya dunia inayouawa na watu wake, na Hellsongs wameuchukulia kwa uzito wake.