Kompyuta ya nyumbani iliyobaki na Windows 10: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao mpaka leo uko kwenye kompyuta nyingi za majumbani kwetu. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka kama kawaida, Word inafunguka, YouTube inacheza. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya kila mwezi: tundu jipya likigundulika, hakuna anayekuja kuliziba, isipokuwa umejiunga na mpango wa muda ulio nafasi ya 4. Kama mashine hiyohiyo ndiyo unayofungulia benki na barua pepe, na ndimo vilimo vyeti vya watoto, jambo hili halifai kuachwa liende lenyewe.

Tangu hapo ndugu na majirani wananiuliza swali moja: ninunue nyingine? Mara nyingi nawajibu, ngoja kwanza tuitazame uliyonayo. Nimeshuhudia mashine nzuri ikiuzwa kwa bei ya kutupa, halafu mwenyewe akaenda dukani kuchukua mpya iliyo dhaifu kuliko ile aliyoitoa. Ndiyo maana nimepanga hapa chini kuanzia kinachostahili hela yako mpaka kisichostahili.

Kwanza soma namba ya prosesa

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Fungua Settings, ingia System, kisha About. Kwenye mstari wa Processor utaona kitu kama i5-6300U au i5-8250U. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, wauzaji wengi husema jenaresheni. 6300U ni kizazi cha 6, 8250U ni cha 8. Namba ikianza na 1, kama 1135G7 au 10210U, soma tarakimu mbili: cha 11, cha 10.

Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Inataka pia RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, isiyopungua GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, Secure Boot inayozuia mfumo bandia kuwaka, na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ndogo ya kutunzia funguo za siri ndani ya mashine. Kwa AMD majina ya Ryzen yanachanganya, usikisie. Pakua PC Health Check, programu ya bure ya Microsoft, ikupe jibu.

Ikikuambia huna TPM wakati prosesa yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi, usikate tamaa. Mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kwa jina la PTT kwenye Intel au fTPM kwenye AMD. Iwashe, kisha pima tena. Ni kazi ya dakika tano, na nawajua waliotaka kuuza laptopu zao kwa sababu ya hizo dakika tano.

Nafasi ya 1: SSD, na Windows 11 kama prosesa inaruhusu

Kama kompyuta yako bado ina hadi diski (hard disk) ya kuzunguka, ile unayoisikia ikikwaruza, anzia hapo. Usinunue kingine kabla ya SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hadi diski ya kawaida husoma karibu MB 100 kwa sekunde ikiwa na siku njema, na faili ndogondogo zikitawanyika hushuka mbali sana. SSD ya kawaida ya SATA hufika karibu MB 500 na haihangaiki kutafuta faili. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka sasa inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Wengi wanaolalamika kwamba kompyuta yao imezeeka, kilichozeeka ni hiyo diski peke yake.

Ukubwa wa GB 256 unatosha nyumba nyingi. Mwenye picha na video nyingi achukue GB 512. Kabla ya kulipa, jua mashine yako inapokea umbo gani: la inchi 2.5 linalokaa mahali pa hadi diski ya zamani, au kale kembamba ka M.2. Na kwa M.2 uliza tena kama ni ya muunganisho wa SATA au NVMe, kwa sababu zinafanana kwa macho na mashine nyingine hazipokei zote mbili. Njia salama ni kwenda na laptopu yenyewe dukani.

SSD bandia zipo, hasa zile zinazotangaza ukubwa wa ajabu kwa bei ya chini. Usinunue iliyotumika ila uione kwanza kwenye CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. SSD huchakaa kwa kuandikwa. RAM haina tabia hiyo, kwa hiyo RAM iliyovuliwa kwenye mashine nyingine naikubali bila wasiwasi mwingi. Hilo lina maana zaidi sasa, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote baada ya viwanda kugeukia seva za akili unde. GB 8 zinatosha kwa kazi za nyumbani. Angalia tu aina: DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na RAM ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye laptopu.

Mwenye Windows 10 halali halipi kitu kuhamia Windows 11. Leseni yake inatambuliwa yenyewe. Gharama iliyobaki ni bando, kwani faili la usakinishaji linazidi GB 5. Lipakue usiku kama mtandao wako una ofa ya usiku, uliweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, nawe utaweza kulitumia kwa kompyuta zote za nyumbani.

Hadi diski iliyotolewa usiitupe. Inunulie kasha la USB, iwe ghala la nakala zako.

Nafasi ya 2: SSD hiyohiyo, na Linux Mint

Linux Mint ni mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Hili ndilo pendekezo langu kwa mashine za kizazi cha 3 mpaka cha 7, na nalisema nikijua kwamba wengi wataliruka. Naomba usiliruke. EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Latitude E7470, hizi ni mashine za ofisini zilizojengwa kwa uimara. Zimejaa mitaani kwetu, na Windows 11 inazikataa zote kwa sababu ni za kizazi cha 6. Bado zina miaka ya kazi ndani yake.

Mama yangu anatumia 840 G3. Anauza vitenge, mahesabu yake yako kwenye jedwali, anaangalia video, anachapisha risiti, anafungua WhatsApp kwenye kivinjari. Nilimwekea Mint toleo la 22, ambalo limeahidiwa masasisho mpaka 2029. Swali lake la kwanza lilikuwa kitufe cha kuzimia kimehamia wapi. La pili sijalisikia hadi leo. LibreOffice inafungua mafaili yake ya Excel, printa yake ya HP ilitambuliwa bila diski ya dereva, na mfumo haudai hela.

Mint huja kwa sura tofauti: chagua Cinnamon kama una RAM ya GB 8, Xfce iliyo nyepesi kama una GB 4. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa chochote ndani ya kompyuta. Fanya hivyo. Jaribu WiFi, sauti, kamera na printa. Vikifanya kazi kutoka kwenye flashi, vitafanya kazi ikisakinishwa.

Sasa upande wa pili. Kama riziki yako iko kwenye QuickBooks ya kusakinisha, Tally, au Photoshop, Mint haikufai. Excel yenye makro nzito nayo itakusumbua kwenye LibreOffice. Na mtoto anayecheza Valorant atanuna, kwa sababu mchezo huo haukubali Linux kabisa. Kwa hao, shuka nafasi ya 3.

Nafasi ya 3: laptopu ya mtumba ya kizazi cha 8 au zaidi

Ukilazimika kununua mashine, nunua ya ofisini iliyotumika: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490. Hizi za kuanzia 2018, zikiwa na prosesa ya kizazi cha 8, zinapokea Windows 11 kwa njia ya halali. T480 naipenda zaidi kwa sababu ina nafasi mbili za RAM unazoweza kujaza mwenyewe. Usiichanganye na T480s, ambayo RAM yake moja imegandishwa kwenye bodi.

Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, usitoe pesa kabla ya haya.

Washa mashine na ingia BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani na uondoke. Kisha unganisha WiFi ya simu yako wakati Windows inaanza upya. Baadhi ya mashine zilizotoka kwenye makampuni ya nje bado zimesajiliwa kule. Ukizisafisha na kuziunganisha intaneti, zinadai akaunti ya kampuni hiyo. Muuzaji akikusihi usiiunganishe mtandaoni, umeshapata jibu lako.

Betri nayo ina ushahidi wake. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua ripoti inayotengenezwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mapatano. Bonyeza kila herufi ya kibodi, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, geuza skrini uone kama inapepesa. Dakika ishirini. Muuzaji mwema hatachukia.

Nafasi ya 4: kununua muda

Microsoft wana mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10 ya nyumbani, unaofika 13 Oktoba 2026. Unaupata kwa dola 30, kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Sharti ni kwamba Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Nenda Settings, Windows Update, utafute mwaliko wa kujiunga. Leseni moja inatumika hadi kwenye kompyuta 10.

Nimeuweka wa nne kwa kuwa ni wa muda, lakini jiunge leo hata kama umeshaamua kufuata nafasi ya 1 au ya 2. Unakulinda wakati unadunduliza hela ya SSD. Chukua njia ya bure. Dola 30 zina kazi bora kwenye SSD.

Nafasi ya 5: ChromeOS Flex

Ni mfumo wa Google wa kuweka mahali pa Windows. Ni ya bure, nyepesi, inahitaji RAM ya GB 4 na nafasi ya diski ya GB 16. Inafaa kwa mtoto wa shule anayeishi ndani ya kivinjari, nyumba yenye intaneti isiyokatika. Programu za Android haziingii humo, tofauti na Chromebook ya dukani. Kwenye mtandao wa bando sioni sababu ya kuichagua mbele ya Mint.

Viwili ninavyokusihi uviache

Cha kwanza ni Windows 11 ya kulazimisha. Fundi atakuambia anaweza kuipiga kwenye mashine yoyote, na ni kweli anaweza. Programu iitwayo Rufus huondoa ukaguzi wa prosesa na TPM. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo kubwa la mwaka likija, kazi inarudiwa kwa mkono. Kuanzia toleo la 24H2, mashine za zamani za Core 2 Duo haziwaki nayo kabisa. Na kama pamoja na hiyo fundi anakuwekea leseni ya kuvunja, umeifungua milango mwenyewe: programu hizo za kuvunjia mara nyingi hudai uzime kinga ya virusi kabla hazijafanya kazi.

Cha pili ni laptopu mpya ya bei ya chini kabisa. Sanduku linang'aa, warranti ipo, na ndani kuna prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 isiyoongezeka na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, ya GB 64 iliyogandishwa kwenye bodi. Inatimiza masharti ya Windows 11 kwa jina. Ukishasakinisha mfumo na Office, masasisho yanayofuata yanakosa pa kukaa. Wazazi wanajinyima kuwanunulia watoto wao wa chuo mashine hizi, na inaniuma kila ninapoiona moja imeganda mbele ya mwanafunzi mwenye kazi ya kukabidhi. Kwa hela hiyohiyo au pungufu, mtumba wa nafasi ya 3 utamfikisha mbali zaidi.

Kabla fundi hajaigusa

Miaka kadhaa iliyopita kaka yangu alipeleka kompyuta ya nyumbani ikapigwe Windows. Fundi alidhani mafaili yalishanakiliwa, kaka alidhani fundi atanakili. Picha za baba za miaka yake ya mwisho zilikuwa kwenye diski ile pekee. Hatukuzipata tena.

Kwa hiyo nakili mwenyewe. Desktop, Documents, Pictures, Downloads, na folda yoyote uliyoiweka moja kwa moja kwenye C. Toa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, andika namba ya leseni ya programu uliyoilipia. Weka kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili kumi tofauti, picha na nyaraka, uone kwamba zinafunguka kweli. Diski hiyo ibaki nyumbani. Mpelekee fundi kompyuta peke yake.