FamilySearch: inafaa kwa familia za Mwanza zenye asili ya India?

Tovuti hii ya kutafuta kumbukumbu za ukoo inafaa, na ni bure. Kwa wenye babu waliotoka Gujarat au Goa, tungeshauri waanzie hapa kabla ya kulipia kipimo cha DNA. Ila usikimbilie kutafuta jina. Ingia kwenye katalogi, andika jina la mahali, kisha fungua picha za kurasa zenyewe. Alama ya kamera maana yake picha zipo. Kamera yenye ufunguo juu ina masharti, na mara nyingi lazima uende kituo cha FamilySearch.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Kwa Wagujarati, jina la kati kwa kawaida ni la baba, na karani aliweza kuliandika kama la ukoo, hivyo jaribu kila jina peke yake. Rejista za parokia za Goa zina Kireno kingi: óbito ni kifo. Reli ilifika Kisumu 1901, Mwanza 1928. Aliyekuja katikati ya miaka hiyo huenda alivuka ziwa kwa meli, basi pekua na kumbukumbu za Kenya.

Kasoro kubwa: mti wa ukoo kwenye tovuti hiyo ni wa wote, na mtu usiyemjua anaweza kubadili taarifa za marehemu wako. Tunza nakala yako kando.